Nilivyokata majora 12 bila kuyakagua

Suruali ya kwanza niliiona mstarini. Ilikuwa Jumatatu ya pili tangu shule zifunguliwe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi hiyo jua la Mbeya likatoka kali, lile linaloanika kila kitu hadharani. Mkuu wa shule alikuwa amenipigia simu nije "nijionee mwenyewe". Kijana wa mstari wa mbele kasimama mguu sawa. Mguu wa kushoto wa suruali yake ulikuwa bluu. Wa kulia nao ulikuwa bluu, ila ile bluu inayokwenda kwenye zambarau. Nikamtazama wa pembeni yake, kisha wa nyuma yake. Nilipofika wa saba nikaacha kuhesabu.

Kwenye karakana yangu, chini ya taa ya tyubu, tofauti hiyo haikuonekana. Naapa haikuonekana.

Mwalimu hakunigombeza. Angenigombeza ningejisikia nafuu. Alisema tu, "Mama, hawa wazazi wamelipa," akageuka akaenda ofisini.

Nina karakana ya vyerehani 6 na ovaloki 1, nyuma ya soko la Mwanjelwa. Miaka mingi riziki yangu ilikuwa magauni ya harusi na sare za kwaya. Kwa kazi za namna hiyo unanunua yadi 4 au 6, unazikunjua mezani, ukiona doa unalikwepa, maisha yanaendelea. Kazi ya shule ile ya sekondari ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kushika: wanafunzi 240, kila mmoja nguo 2, suruali kwa wavulana na sketi kwa wasichana. Nguo 480 kwa shilingi 18,000 kila moja ni 8,640,000. Walitanguliza nusu. Usiku ule nilikesha nikipiga hesabu ya matofali, maana nilikuwa na kiwanja Uyole kimeota nyasi muda mrefu.

Nikaagiza kitambaa Kariakoo. Muuzaji alinitumia sampo kwa basi, kipande cha ukubwa wa kiganja, mchanganyiko wa polista na viskozi, kizito, kinalala vizuri. Nikakifikicha, nikakinusa (mafundi wote tunanusa, sijui huwa tunatafuta nini), nikasema hiki hiki. Yadi moja 5,500. Nikachukua majora 12 ya yadi 50, yadi 600, shilingi 3,300,000. Hesabu yangu ilikuwa yadi moja na robo kwa kila nguo, mara 480, yadi 600 kamili. Kama wewe ni fundi, soma tena sentensi hiyo. Sikuweka hata yadi moja ya ziada.

Mzigo ulifika jioni, mvua inanyesha, umeme umekatika. Dereva ana haraka, anawahi Tunduma. Nikahesabu majora kwa tochi ya simu: 12. Nikasaini. Kwangu mimi huo ndio ulikuwa ukaguzi.

Siku mbili baadaye tukatandaza. Matabaka 40 mezani, jora likiisha tunaweka lingine juu yake na kuendelea. Fundi mkataji akapitisha mashine. Vipande havikuandikwa namba ya tabaka wala ya jora. Tulivifunga mafungu kwa saizi tu, na mafungu mawili yalipofunguka sakafuni binti mmoja akayakusanya kama mtu anayekusanya kuni. Hapo ndipo mguu wa kushoto wa jora moja ulipokutana na mguu wa kulia wa jora lingine. Tulipoanza kushona tukaona na mengine: tundu dogo karibu na zipu, uzi mnene uliokatiza paja zima, madoa ya mafuta. Tukasema ah, hizo chache, tutazificha kwenye pindo. Sketi 3 tulizificha. Nyingine zikafika shuleni kama zilivyo.

Baada ya wiki mbili za kufuliwa, sketi zikapanda juu ya goti. Mashati meupe yakaanza kuchora mkanda wa bluu kiunoni pale yanapochomekwa. Kina mama walikuja karakana na mashati hayo mkononi, wamejipanga kama foleni ya zahanati.

Nikampigia muuzaji. Sitamtaja, na kwa kweli siku hizi simlaumu kama nilivyomlaumu wakati ule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Dada, ulishakata?" Nikasema ndiyo. "Sasa ukishakata mimi nifanyeje?"

Kwenye biashara ya vitambaa hiyo ndiyo sheria, iwe imeandikwa kwenye risiti au haikuandikwa. Kabla ya mkasi kitambaa ni cha aliyekuuzia. Ukikata, ni chako na kasoro zake zote.

Hasara iko hivi. Suruali 112 zilirudi, nikazishona upya. Majora 3 niliyanunua hapa hapa mjini kwa 7,000 yadi, ni 1,050,000. Mafundi niliwalipa 3,500 kwa kila nguo, ni 392,000. Shule ilikata asilimia 10 ya mkataba kwa kuchelewa, ni 864,000. Jumla 2,306,000, bila kuhesabu zipu, uzi na umeme. Mume wangu nilimwambia nusu ya hasara. Nusu nyingine anaisoma hapa.

Miezi miwili niliuchukia ufundi. Zile suruali 112 zilikaa kwenye magunia kona ya mlango, na kila mteja aliyeingia aliuliza, "Hizi zinauzwa?"

Aliyenitoa pale ni mzee mmoja wa Iyunga aliyekuja kupunguza suruali. Nilikuwa sijui kwamba ujana wake aliumalizia Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi mwaka 1968. Alikuwa kitengo cha ukaguzi. Akiwa anasubiri, akavuta suruali moja kutoka kwenye gunia, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaipitishia mgongo wa mkono.

"Haya majora mliyakagua lini?"

"Babu, tuliyaona yakija."

"Sijauliza mliyaona lini." Akairudisha ndani ya gunia taratibu. "Mwanangu, ninyi watu wa huku viazi vya Uporoto mnavichambua kimoja kimoja. Kitambaa cha milioni tatu mnakipokea gizani?"

Nilicheka na machozi yakanitoka wakati huo huo. Suruali yake nilimpunguzia bure. Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena, na malipo yake yalikuwa chai ya maziwa na mihogo.

Somo lake la kwanza lilikuwa kwamba maneno "kitambaa kizuri" na "kitambaa kibaya" hayana kazi. Ukimwambia muuzaji kitambaa chako kibaya, atakuambia wenzako wanakinunua. Mnabaki kugombana. Kagua kwa alama, ili kila jora litoke na namba yake, na namba hiyo mtu mwingine akikagua aipate ile ile au iliyo karibu nayo. Mfumo alionifundisha unaitwa wa alama 4, na wanunuzi wa vitambaa nchi nyingi wanautumia. Upo mwingine wa zamani zaidi, wa alama 10, unaohesabu kasoro za mtande (nyuzi za urefu) kivyake na za mshindio (nyuzi za upana) kivyake. Huo aliniambia niuache, utanichanganya.

Unapitisha jora lote mbele ya macho, yadi kwa yadi. Ukikuta kasoro, unapima urefu wake kwa futikamba. Isiyozidi inchi 3 ni alama 1. Iliyozidi 3 mpaka 6 ni alama 2. Iliyozidi 6 mpaka 9 ni alama 3. Zaidi ya inchi 9 ni alama 4. Tundu lina hesabu yake: lisilozidi inchi 1 ni alama 2, likizidi hapo ni 4. Na yadi moja haiwezi kupewa zaidi ya alama 4, hata kama ina kasoro kumi. Hilo la mwisho nilibishana naye. Niliona ni kumpendelea muuzaji. Akaniambia, "Yadi iliyokufa imekufa. Utaiua mara ngapi?"

Kisha unatafuta alama kwa kila yadi za mraba 100, ili jora fupi na refu yapimwe kwa kipimo kimoja. Jumla ya alama unazidisha kwa 3,600, unagawanya kwa urefu wa jora kwa yadi, kisha unagawanya tena kwa upana wake kwa inchi. Wanunuzi wengi kikomo chao ni 40. Usiogope hesabu hiyo. Majora mengi ninayonunua ni yadi 50 kwa upana wa inchi 60, na kwa jora la vipimo hivyo yote inakuwa kitu kimoja tu: zidisha alama kwa 1.2. Alama 30 zinakuwa 36, linapita. Alama 39 zinakuwa 46.8, linakwama. Nimeandika 1.2 kwa chaki ukutani juu ya meza ya kukatia na hakuna anayeruhusiwa kuifuta.

Ila usikubali kuambiwa tu kwamba ni yadi 50 na inchi 60. Babu alinifanya nipime majora matatu niliyokuwa nimebakiwa nayo ya biashara nyingine. Moja lilikuwa na yadi 49 tu, na upana wake kati ya kingo na kingo ulikuwa inchi 58 kwenye mwanzo wa jora na 58 na nusu katikati. Kwa mtu wa kitenge kimoja hiyo si kitu. Kwa majora 12, yadi moja ikipungua kila jora ni yadi 12, na kwa hesabu yangu ya sare hizo ni nguo 9. Na patani (mchoro wa kukatia) uliyoipanga kwa inchi 60 haiingii kwenye 58, unaanza kuibana, mshono unakosa nafasi.

Sasa kuona kasoro zenyewe. Hapa ndipo nilijua kwamba miaka yote nilikuwa natazama kitambaa bila kukiona. Nyuzi za mtande ndizo zinazokwenda na urefu wa jora. Za mshindio ndizo zinazokatiza upana. Ukikosekana uzi mmoja wa mshindio, unaona kama mstari mwembamba wa mwanga unaokatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kitambaa cha inchi 60 hiyo ni alama 4 papo hapo. Uzi mnene wa mtande unaweza kutambaa yadi tatu nzima kama mshipa wa mkono wa mzee, na kila yadi unailipia. Kuna fundo, kuna doa la mafuta, kuna mahali nyuzi zimesogeleana na kuacha uwazi. Kuna kitambaa ambacho mshindio wake umelala upande, hauendi sawa na upana. Hicho ukikishona suruali, mshono wa pembeni unazunguka mguuni na kuja mbele ya goti baada ya kufuliwa. Kwa macho huwezi kukijua kirahisi. Chomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha tazama njia uliyoiacha imeelekea wapi.

Simama umbali wa mita moja hivi. Kasoro unayoiona ukiwa umegusisha pua tu, usiihesabu, hata mvaaji hataiona. Binti yangu wa kazi mwanzoni alilipatia jora moja alama 120 kwa bidii. Tukarudia wote wawili, tukapata 28.

Mwanga ndio ulionimaliza mimi, kwa hiyo nauzungumzia kwa uchungu. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa na kutofautiana juani, kwa sababu zimechanganywa kwa dawa tofauti. Rangi ikaguliwe kwa mwanga wa mchana, kivulini, bila jua la moja kwa moja. Huku kwetu kusini mwa ikweta, dirisha linaloangalia kusini ndilo lenye mwanga uliotulia sehemu kubwa ya mwaka. Mimi nimeipa Loleza, mlima ulio kaskazini mwa mji, mgongo na meza yangu inaangalia upande wa pili. Kasheshe ni kwamba msimu wa sare ni Desemba, na Desemba jua nalo limehamia kusini, linaingia na dirisha hilo hilo. Mwezi huo natundika shuka jeupe dirishani.

Kitu kimoja ambacho kingeniokoa zile suruali 112, au angalau nyingi kati yake, kinagharimu inchi 6 za kitambaa. Kabla ya kutandaza, kata ukanda wa inchi 6 kwenye mwanzo wa kila jora, kutoka ukingo hadi ukingo. Andika namba ya jora nyuma. Shona kanda zote pamoja, moja baada ya nyingine, ziwe kama shuka la viraka. Lipeleke nje kivulini. Majora ya loti tofauti, yaani yaliyotiwa rangi kwa mikupuo tofauti, yatajitenga yenyewe mbele ya macho yako, huhitaji kuwa mtaalamu. Kisha kunja ukanda ule ulete ukingo wa kushoto ugusane na katikati, halafu na ukingo wa kulia, maana jora moja linaweza kuwa na rangi iliyokolea upande mmoja na kufifia upande wa pili. Majora unayapanga kwa makundi ya rangi. Kila kundi linatandazwa peke yake, na kila kipande kinaandikwa namba ya tabaka kwa chaki upande wa ndani. Kazi hiyo inakula nusu siku. Nusu siku.

Uzito niliupima kwa msaada wa jirani anayenunua dhahabu ya Chunya, maana mizani yangu ni ya unga. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10, kwa kisu kikali na rula ya chuma, si kwa mkasi unaoyumba. Gramu utakazopata zidisha kwa 100, hizo ndizo gramu za mita moja ya mraba. Ile sampo ya kiganja bado nilikuwa nayo, nimeibandika kwenye daftari. Ilitoa gramu 2.3. Kipande cha jora kikatoa 1.9. Yaani sampo ilikuwa 230 na mzigo ulikuwa 190. Jirani alisukuma kipande kidogo pembeni ya mizani akasema dhahabu ikipungua hivyo watu wanashikana mashati. Mimi nilikuwa nimekifikicha kwa vidole nikaridhika.

Kusinyaa na kuchuja rangi havihitaji mtambo. Chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwa kalamu isiyofutika, fua mara tatu kama mzazi anavyofua, anika, piga pasi, pima. Kile kitambaa changu kilirudi kwa urefu kikawa 48. Hiyo ni asilimia 4. Suruali ya inchi 40 inapoteza inchi moja na nusu na zaidi kidogo, na bitana ya sketi ambayo yenyewe haikusinyaa inaanza kuchungulia chini. Ukijua mapema unaongeza kwenye patani, au unakilowesha kitambaa chote kabla ya kukata. Kwa rangi, chukua kitambaa cheupe cha pamba, sugua mara 10 kikavu, kisha chukua kingine ukiloweshe na usugue mara 10 mahali pengine. Maabara wana kadi ya kijivu ya kulinganishia, 5 ikiwa haikuchuja kabisa na 1 ikiwa balaa. Mimi sina kadi, nina shati jeupe la mwanafunzi mmoja ambalo mama yake alikataa kulichukua. Doa likifika kiwango cha lile shati, sinunui.

Na kama hujui unauziwa nini, vuta nyuzi chache, zichome mbali na meza. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Viskozi nayo inaungua vivyo hivyo, kwa hiyo moto hautakutenganishia hizo mbili. Polista inajikunja, inayeyuka, inabakiza kishanga kigumu. Mchanganyiko unakupa vyote viwili. Moto haukuambii asilimia, unakuambia tu kama umedanganywa sana.

Meza ya ukaguzi tuliijenga wenyewe. Ubao mpana ulioegemezwa kama paa, juu yake bomba la maji la inchi 2 linalozunguka kwenye panda mbili za mbao, tumezipaka grisi. Jora linakaa nyuma sakafuni juu ya turubai safi, kitambaa kinapanda, kinapita juu ya bomba, kinateremka kwenye ubao mbele ya macho, na binti anakivuta na kukiviringisha upya upande wa chini. Kila kasoro inafungwa uzi mwekundu kwenye ukingo, usawa wake. Uzi huo ni muhimu kuliko namba kwenye daftari, kwa sababu mkataji akitandaza anauona na anajua apite wapi.

Babu aliniachia na ujanja mmoja wa watu wa viwandani. Kasoro ikijirudia, pima umbali kati ya moja na inayofuata. Umbali ukiwa ule ule kila mara, hiyo haikutoka kwa mfumaji wala kwenye uzi. Kuna kitu cha mviringo mahali fulani kimezunguka, na kila kilipomaliza mzunguko kimegusa. Pima, utajua hata unene wa hicho kitu.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya shule ya msingi njia ya Tukuyu, majora 5 tu. Safari hii nilimwandikia muuzaji, mwingine, kabla ya kutuma pesa: loti moja, kikomo alama 40, siku 3 za kukagua kabla sijakata, na jora litakalozidi kikomo tunazungumza. Akanipigia anacheka. "Dada, unanunua kitambaa au unaposa?"

"Naposa," nikamwambia. "Mara ya kwanza niliolewa bila kuuliza."

Majora 4 yalipita. La tano lilipata alama 39, ile 46.8 niliyoitaja. Nikampigia picha kila uzi mwekundu na futikamba imelazwa pembeni ya kasoro, nikamtumia zote pamoja na hesabu. Nilijiandaa kwa ugomvi. Hakuna ugomvi uliotokea. Akauliza tu nauli ya kulirudisha ni kiasi gani, tukaona haina maana, akanipunguzia 800 kwa kila yadi, 40,000. Jora lile nikalikatia kaptula za darasa la kwanza, maana vipande vidogo vinapita kati ya kasoro ambapo mguu wa suruali ya kidato cha nne usingepita. Ziada niliweka asilimia 5. Zilibaki yadi 6, binti akajishonea sketi.

Desemba iliyopita ndiyo nilikaribia kuaibika. Majora 8 kutoka kwa muuzaji yule yule. La kwanza lilikuwa safi mwanzoni, halafu kuanzia yadi ya 20 hivi vikaanza vidoa vya kahawia, vidogo kama punje ya ulezi, vimepangana kwa mstari. Binti anasoma, mimi naandika: moja, moja, moja, moja. Kila yadi imefika kikomo cha alama 4. Jora la pili likaanza navyo tangu mwanzo. Nikahisi lile joto la mstarini linarudi shingoni. Nikachukua simu, nikaanza kumtafuta muuzaji, maneno yamenijaa mdomoni.

Binti akawa ameinama na futikamba. "Mama, vimepishana sawa sawa. Inchi saba na nusu. Hapa tena saba na nusu."

Simu ilikuwa inaita. Nikatazama ubao, nikatazama juu. Nikamwambia aniletee hiyo futikamba, nikaizungusha kwenye bomba letu la inchi 2. Saba na nusu. Nikalizungusha bomba polepole kwa kidole, na upande wa kulia, karibu na panda tuliyoipaka grisi asubuhi, kikapanda kikutu kimoja kimelowa.

"Haloo, dada," muuzaji akapokea. "Vipi, mzigo umefika?"

Nikamwambia umefika salama, nilitaka tu kumsalimia. Halafu nikamtuma binti dukani kwa fundi bomba akalete msasa.